Kifunga-Mdomo cha Moss

Hebu sema kweli: mbwa akikutazama, kisha akatazama nyuma ya bega lako na kuanza kutikisa mkia kwa furaha ya kumwona mtu, na wewe unajua fika kwamba nyuma yako hakuna mtu, utageuka?

Nerida hakugeuka. Alisimama katika banda la Dulcie, watoto wa mbwa wakigaagaa kwenye majani makavu miguuni pake, akajiambia ni joto. Watu wa nyanda zile hawana majini. Wana ukame, wana nzi, wana bei ya sufu ya kulalamikia, na lolote lisiloelezeka kwa hayo matatu huitwa joto.

Dulcie alikuwa jirani yao wa karibu, kwa maana ya kwamba ukiondoka kwake asubuhi kwa pikapu utafika kwako kabla chai haijapoa sana kwenye chupa. Alizalisha mbwa wa kondoo tangu ujana wake na hakuwa na subira na wateja. Mbwa wa kazi, aliwaeleza, huchaguliwa kwa jicho: anayemkodolea kondoo mpaka kondoo aone haya, ndiye. Mbwa wa nyumbani hachaguliwi. Unamwacha achague yeye.

"Kaa chini, nyamaza, na usijipendekeze," alimwambia Tamsin.

Tamsin, binti wa pekee wa Nerida, alikuwa na miaka minane, na hakuhitaji kuambiwa anyamaze. Alikaa. Watoto wa mbwa wakamvamia, wakatafuna kamba za viatu vyake. Mmoja tu, jike mwekundu mwenye sikio moja lililolala, alimpita, akampita na Nerida, akaenda kuketi mbele ya mahali patupu karibu na mlango. Akatikisa mkia. Halafu akajilaza chali na kuonyesha tumbo, kama mbwa mdogo anavyojilaza mbele ya mbwa mkubwa.

"Huyo," alisema Tamsin. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kuamka.

"Huyo kichwani hayuko sawa," alisema Dulcie. "Mchukueni. Mtaniokoa."

Mbwa aliyemtangulia aliitwa Moss, na alikuwa wa Lyall, mume wa Nerida. Mwaka uliotangulia, pikipiki ya magurudumu manne ilimlalia Lyall kwenye kijito kikavu nyuma ya kilima, na Moss akabaki ubavuni mwake akibweka hadi sauti ikamkauka, ndipo watu wakajua pa kutafuta. Tangu hapo Moss hakuwa mbwa katika nyumba ile. Alikuwa ndiye salio la Lyall.

Si kwamba Mervyn angekubali kusema hivyo. Mervyn, baba yake Lyall na mwenye shamba, alikuwa mtu wa aina ile inayohesabu machozi kuwa upotevu wa maji. Mazishini alisimama kama nguzo ya ua. Mbwa ni chombo cha kazi, alipenda kusema, hakiingii ndani, hakipewi biskuti, na hakizungumzishwi kama mtoto mchanga. Nerida, aliyesoma chuo kikuu kabla ya kuolewa huko, aliujua ugumu wa kujifanya anapouona, lakini alikuwa amechoka mno kubishana nao.

Sasa, kila joto linaporudi, wenye mashamba wa upande ule hukubaliana siku, wakatega nyama yenye sumu kwa ajili ya mbwa mwitu wanaorarua kondoo. Kwa majuma kadhaa baada ya hapo, kila mbwa wa nyumbani huvalishwa kifunga-mdomo, kikapu kidogo cha waya chenye mkanda wa kufungia nyuma ya masikio, maana kunguru huiokota nyama ile na kuidondosha popote, hata chini ya kamba ya nguo. Mtoto anayetambaa analijua hilo. Mbwa hunywa maji hivyo hivyo, waya ukigonga ndoo: ting, ting, ting. Hakivuliwi kifunga-mdomo ila mbwa yuko kwenye mnyororo na wewe umesimama hapo.

Siku moja ya msimu huo, Moss alikutwa amekufa chini ya kamba ya nguo, mdomo wazi. Sumu ile haiui kwa upole. Humfanya mbwa akimbie, akimbie huku na huku akimkimbia asiyeonekana, akilia kwa sauti isiyo yake. Kifunga-mdomo kilikuwa ngazini, mkanda umefunguliwa vizuri, haukukatika.

"Nani kamvua?" Nerida aliuliza, na huenda alipiga kelele.

Tamsin alikuwa na mazoea ya kuulegeza mkanda kwa siri jioni ili ampenyezee Moss kipande cha biskuti. Alikumbuka kuufungua jana yake. Kuufunga tena hakukumbuka vizuri. "Labda ni mimi," alisema. Mervyn alikuwa akiichunguza kofia yake. Hakuna aliyemwambia mtoto kwamba si yeye. Baadaye Nerida alimweleza mtoto kuwa hana kosa, akaeleza tena na tena, kwa sauti ile ya watu wazima wanaosamehe kosa wanaloamini limetendeka.

Tamsin akaanza kunyamaza. Halafu akaanza kuacha chakula. Ndiyo maana wakaenda kwa Dulcie.

Jike mwekundu alikaa bila jina, kwa sababu Tamsin alikataa kumpa. "Bado hajaruhusiwa," alisema, na alipoulizwa na nani, alitazama sakafu.

Ilianza mchana, baada ya chakula, saa zile jua linapowalaza wote chali na hata nzi hutua. Nerida alikuwa kitandani, macho kwenye dari, aliposikia kutoka uani: ting, ting, ting. Waya na ndoo. Alilala akiisikiliza kwa muda kabla ya kukumbuka kwamba jike yule hajavalishwa kitu, na kwamba yuko hapa hapa, chini ya kitanda chake, anatetemeka.

Alitoka. Uani hakukuwa na kitu. Maji ndani ya ndoo yalikuwa yakicheza duara, duara ndani ya duara, kisha yakatulia.

Ikaja harufu. Harufu ya mbwa aliyelowa, nzito, imejaa korido na kuingia kwenye mashuka, katika nyumba ambayo haikuwa imeona tone la mvua tangu mwanzo wa mwaka. Kikaja na kifunga-mdomo chenyewe. Mervyn alikuwa amekitundika msumarini bandani, kikakutwa ngazini. Akakitupa shimo la taka; kikakutwa ngazini, kina majivu. Akakifukia nyuma ya tangi, akashindilia udongo kwa buti, na kesho yake kilikuwa ngazini, mkanda umefunguliwa vizuri, ndani ya waya mna unyevu kana kwamba kuna pua iliyokuwa ikipumua humo muda si mrefu.

"Ni huyu mtoto," alisema Mervyn. "Anakileta yeye. Unamdekeza, binti."

"Jana mchana kutwa nilikuwa naye, Merv."

"Basi ni joto."

Mwezi ule kasisi anayezungukia mashamba alipita, kijana mwenye shahada na viatu visivyofaa vumbi. Nerida alimweleza kila kitu, akiona aibu kwa kila sentensi. Kasisi alisema huzuni ina njia zake za kujieleza. Nerida aliijua sentensi hiyo. Aliwahi kuiandika kwenye mtihani. Kijana alikuwa akiinua kikombe wakati ndoo ilipogongwa, polepole, na wote watatu mezani, yeye, Nerida na Mervyn, walikuwa wakiiona kupitia mlango wa wavu, imekaa peke yake juani. Kasisi akabariki nyumba akiwa amesimama, akakumbuka safari ndefu, akaiacha keki nusu. Kwa watu wale, kuiacha keki ya mwenyeji nusu ni jambo zito kuliko kuiacha dini.

Nerida aliona mkono wa Mervyn uliolala mezani, ule wa kulia, ukijikunja taratibu na kujificha chini ya meza.

Siku hiyo Tamsin hakula kabisa. Alipombeba kumpeleka kitandani, Nerida alishtuka jinsi mwili ulivyokuwa mwepesi. Mtoto alimwekea mdomo sikioni.

"Mama, anaomba mtu amvalishe. Anasema amechelewa kuvalishwa."

"Nani, mpenzi?"

"Usiseme kwa nguvu. Yuko chini."

Nyumba ilisimama juu ya nguzo fupi, na chini yake mlikuwa na vumbi na kivuli ambamo mbwa wa shamba wamelala kwa vizazi. Nerida aliinama, akaweka sikio kwenye mbao. Kuna kitu kilikuwa kikihema chini yake, kuhema kwa haraka kwa mbwa mwenye joto, na ilimchukua muda kutambua kinachomsimamisha nywele: kifua cha mwanawe kilikuwa kikipanda na kushuka kwa mwendo ule ule.

Akakata shauri kuondoka. Alfajiri angempakia mtoto kwenye pikapu na kumpeleka hospitali ya mji, shamba na lizame na mwenyewe. Lakini alfajiri kitanda cha Tamsin kilikuwa kitupu, na jike mwekundu alikuwa mbele ya uwazi wa chini ya nyumba, amejilaza chali, ameonyesha tumbo.

Nerida akaingia kwa magoti, tochi mkononi, mgongo ukikwaruza mbao, vumbi likimjaa kooni, harufu ya mbwa aliyelowa ikizidi kila alipojivuta mbele hadi ikawa kama kitambaa alichozibwa nacho uso, na kuhema kule kukimzunguka kushoto na kulia kwa wakati mmoja kana kwamba chini ya nyumba nzima palikuwa na pafu moja tu, mpaka mwanga ulipoangukia mguu mdogo, gauni la kulalia, halafu uso, na usoni, kimefungwa nyuma ya masikio mpaka tundu la mwisho, kifunga-mdomo cha Moss, waya umezama kwenye mashavu, na nyuma ya waya kinywa cha mwanawe kiko wazi, ulimi umetoka, kinahema.

Alishika mkanda. Haukufunguka. Kucha zilikatika, na mkanda haukufunguka. Alimwita Mervyn, na mzee akaja na koleo la kukatia waya wa ua, akaingia kwa tumbo, yeye ambaye magoti yake hayakuwa yakikunjika hata kanisani. Koleo liliuma waya, likateleza. Liliuma tena. Macho ya Tamsin yalimtazama babu yake bila kupepesa, na hayakuwa na rangi ile ya kila siku.

"Mkanda umekauka," alisema Mervyn. "Ngozi ya zamani. Joto linaikaza."

Kuhema kukaenda mbio. Chini ya vidole vya Nerida mkanda ulibana zaidi, aliusikia ukilia.

Ndipo alipoelewa. Hakuelewa kwa akili. Alielewa kwa vidole. Akamgeukia mzee, nyuso zao zimekaribiana katika mwanga ule mchache, akauona mkono wa kulia ukijaribu tena kujificha, na humo chini hapakuwa na meza.

"Merv," alinong'ona. "Nani alimvua?"

"Tulishayamaliza hayo, binti. Mtoto mwenyewe alisema."

Mkanda ukabana. Tamsin akatoa sauti ndogo, isiyo yake.

"Mtoto alisema labda," alisema Nerida. "Baba. Tafadhali."

Hakuwahi kumwita hivyo tangu aolewe. Mervyn aliachia koleo. Akaanza kuhema naye, pamoja na mtoto na yule mwingine.

"Alikuwa ameufunga," alisema. "Tamsin. Uliufunga, mjukuu wangu. Asubuhi ile niliukagua mwenyewe. Ulikuwa umefungwa barabara."

Chini ya kidole cha Nerida mkanda ulilegea. Tundu moja.

"Endelea, baba."

"Joto lilikuwa kali. Alikuwa anahema."

Haukulegea. Mzee alifumba macho, na vumbi lililokuwa mashavuni likaanza kufanya mistari.

"Ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa baba yako. Hakuna aliyeitaja, na mimi nikashukuru. Nikakaa ngazini. Akaja akanilalia kwenye buti, kama alivyokuwa akimlalia Lyall."

Tundu la pili. La tatu. Mahali fulani nyuma yao, gizani, kitu kizito kilijilaza kwenye vumbi na kuacha kuhema, kama kinachosikiliza.

"Mimi ndiye niliyemvua," alisema Mervyn. "Nilitaka anilambe mkono. Basi, mkono tu. Akaulamba, nikasinzia palepale. Na ulipoulizwa nani kamvua, Tamsin, ukasema labda ni wewe, nilikusikia. Nilikusikia vizuri, nikakuacha ubebe lawama."

Mkanda ukafunguka wenyewe mkononi mwa Nerida, na Tamsin akavuta pumzi ndefu, yake mwenyewe.