Shikamoo, Bibi Brigita

Harufu ya samli ndiyo iliyotangulia. Hyasinta alifungua kabati la joto la maabara, saa tatu asubuhi, ikamjia usoni: samli na moshi wa kibuyu cha maziwa, harufu ya shingo ya bibi yake. Akakitazama kisahani cha seli, akasema kama kila siku, "Shikamoo, Bibi Brigita."

Bibi Brigita alikuwa amezikwa tangu Februari, akiwa na miaka mia na miwili. Kabla hajafa, watafiti wa uzee waliofungua maabara pale Karatu walimkata ngozi ya mkono, kipande kama punje ya mtama, wapate kujua kwa nini seli zikizeeka huleta maradhi. Hyasinta, mjukuu wake, ndiye aliyezilisha seli hizo. Visahani vingine vilikuwa na namba. Hiki alikiandika jina, kwa kuwa ndiye mtunza daftari la ukoo na hakutaka jina lolote lipotee.

Nyumbani walimzika kwa utaratibu wao. Nywele na kucha zake zilifungwa kitambaani zikaingia naye kaburini, asibaki nje hata kidogo. Ile ngozi hakuna aliyeikumbuka.

Kufikia Aprili seli zilichoka. Hazikugawanyika tena, wala hazikufa. Zilikaa tu, zikitoa sumu, na seli changa zilizowekwa jirani zikazeeka upesi. Hayo yamo vitabuni. Yasiyokuwamo ni ya mama yake.

Martha, kitindamimba wa Bibi Brigita, mwenye miaka hamsini na minane, aliacha shamba la vitunguu mwezi huohuo. Yalianza magoti, kisha macho, kisha sukari.

"Kuna mtu ananikalia ubavuni," alinong'ona mchana mmoja. "Ananuka samli."

"Nani, mama?"

"Usinitajishe."

Mjomba Wilibrodi, mganga wa ukoo, alifika mlangoni, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Kuna kitu cha marehemu hakikuzikwa."

Hyasinta akaeleza yote, hata salamu.

"Unamwamkia! Kwa jina! Shule yote ile, mwanangu, na hili hukulijua? Mzimu ukiamkiwa unajiona bado una kwao. Kilete leo, jua likiwa juu."

Alikwenda mbio, akakichukua kisahani bila kuomba ruhusa, akakifunika kwa kanga, na njia nzima kati ya mashamba ya ngano alikihisi kina joto tumboni mwake, joto lisilopungua ingawa upepo wa Ngorongoro ulikuwa unakata masikio, joto kama la mtoto aliyelala, mpaka mjomba alipokipokea, akakifukia miguuni pa kaburi na kumwagia maziwa.

Jioni Martha alikula sahani nzima ya makande. Hyasinta alilia kwa furaha.

Asubuhi alimwendea Piusi, mkuu wa maabara, akakiri. Piusi hakukasirika.

"Pole, dada. Lakini usiwe na wasiwasi, kazi haijaharibika. Machi, kabla hazijachoka, nilizigawa katika chupa arobaini, nikazigandisha. Nyingine zimeshasafirishwa nje, nchi nne. Watakuwa wanazitoa kwenye barafu wiki hii."

Hyasinta hakumbuki alivyofika nyumbani. Mama yake alikuwa uani, ameupa mlango mgongo, kichwa cheupe pee, anasukasuka kibuyu cha bibi, ambacho hakuna aliyekigusa tangu msiba.

"Shikamoo, mama."

Kibuyu kikatulia.

"Marahaba, mjukuu wangu."