Nusu ya Sura

Sura kwenye fulana ilitoka mashineni ikiwa imefumba macho. Fundi aliitazama tena karatasi ya picha: pale macho yalikuwa wazi, makubwa, yenye majivuno ya mwenyewe. Mwenyewe ni dada mdogo wa mume wa Fundi, aliyeletwa dukani kusimamia kazi, na tangu aingie, Fundi hakujua raha. Wote pale walimwita Wifi. Alitaka picha yake ibandikwe kwenye kila fulana ya kutundikwa mlangoni, wateja wamjue mwenye amri.

"Nimeshakwambia hizi zina pamba ndani," Fundi alisema. "Wino unashika uzi wa poliesta tu. Nusu ya picha inapotea na mvuke."

"We bandika. Domo la nini? Ukizidi namwambia kaka atafute fundi mwenye adabu."

Fundi akashusha bamba la moto la mashine. Alimchoka huyu mwanamke, alimchoka hasa. Mvuke ulipotoka ulinuka nywele zilizoungua, na chini ya bamba kikasikika kitu kikivuta pumzi taratibu, kama mtu anayeonja supu ya moto.

Haikuchukua muda, nyusi za Wifi zikaanza kupauka. Alidhani ni sabuni. Ikafuata midomo, kisha pua ikawa haina mwanzo wala mwisho, uso mzima ukafifia vilevile ulivyofifia kwenye zile fulana. Wateja walimpita, wakamuuliza Fundi msimamizi yuko wapi. Mchana mmoja mume wa Fundi aliingia, akamtazama dada yake wa tumbo moja, akasema kwa upole wa kibiashara, "Karibu, mama. Umeshahudumiwa?"

Wifi alicheka akidhani utani. Kaka hakucheka. Hapo ndipo Wifi alipolia mpaka akakaukiwa machozi.

Mganga waliyemwita alisimama mlangoni, akakataa katakata kuvuka kizingiti. "Humo ndani mna jini," alisema kwa sauti ya chini. "Hana sura yake, basi anaokota zile nusu mnazozipoteza kwenye mvuke. Bandikeni picha ya huyu kwenye poliesta tupu, ishike yote, kisha aivae mwenyewe. Uso utarudi. Mkichelewa, jini atauvaa yeye." Akaondoka bila hata kuaga.

"Wifi yangu," Wifi alinong'ona, mnyenyekevu kwa mara ya kwanza, "nisaidie. Mimi mashine siijui."

"Subiri nje. Mvuke usikukute."

Fundi alifunga mlango. Jua lilikuwa la utosini, duka zima jeupe kwa mwanga, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana hapakuwa na kona ya kujidanganya kwamba hakuona vizuri. Mashine ilikuwa imeshapata moto ingawa hakuiwasha, na nyuma ya rafu nyayo zilikuwa zikiburutwa polepole, na ile harufu ya nywele ikaja mbele yake, ikamjaa puani na kooni, hata aliposhika rafu asianguke akaona mkono mwingine umeshika rafu ileile, na baada ya mkono likaja bega, na baada ya bega ukaja uso wa Wifi, nyusi zake, midomo yake, umepauka bado lakini unatabasamu, tabasamu ambalo Wifi mwenyewe hakuwahi kumpa hata siku moja.

"Pole na kazi, wifi yangu," kitu kile kilisema. "Umechoka. Mimi sitakusema kwa kaka. Mashine itakuwa yako, na hakuna atakayekusimamia."

"Toka," Fundi alinong'ona.

"Chagua fulana."

Juu ya rafu palikuwa na poliesta tupu, laini, inayoteleza mkononi. Chini yake palikuwa na pamba tupu, isiyoshika wino kabisa.

Nje Wifi aligonga. "Wifi, tayari?" Kisha, kwa kuwa kusubiri hakukuwa tabia yake, "Na uangalie usiharibu, nakujua wewe! Ujinga wako leo usiniletee!"

Fundi alichukua pamba. Alijua anachofanya. Aliitandaza, akalaza karatasi juu, akashusha bamba na kuegemea mpini kwa nguvu zake zote. Kile kitu kiliinama kando yake kikavuta pumzi ndefu, ndefu mno, na huko mlangoni ugongaji ukalegea, makaripio yakageuka kubembeleza, na kubembeleza kukawa kwa mtu aliyepotewa na maneno, "Jamani... samahani... hapa nilikuja kwa nani?" na hatua zikaenda zake barabarani, zikisimamasimama kuuliza wapita njia.

Alipoinua bamba, fulana ilikuwa nyeupe vilevile, hata kivuli cha wino hakuna. Alijuta papo hapo. Alikimbilia mlango, lakini komeo lilikuwa la moto, halishikiki.

Wifi mpya alikuwa akijipapasa mashavu, nyusi nyeusi tii, macho makubwa wazi.

"Uso umenikaa vizuri," alisema kwa furaha. Kisha akainama kutazama chini ya rafu, ambako pumzi nyingine ilikuwa ikisikika, na nyingine, na nyingine. "Ila hawa wadogo zangu bado hawana sura. Njoo usimame hapa kwenye mwanga, wifi. Nikupige picha."