Rekodi ya Akello Ilikataa Kufutika

Jumatano, tarehe 9 Novemba 2005, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Mvua ya mawe ilikuwa ikipiga mabati ya ofisi yetu mjini Mbale.

Bogere alifunga mlango wangu, akautia ufunguo mfukoni mwake!

"Kiranja, leo unanilipa. Futa huyo mtoto!"

Ndugu msomaji, huyu ndiye aliyenitoa majini kule Wanyange tukiwa kidato cha pili, bweni moja, mimi kiranja wake, nikiwa nimekwisha kukata tamaa. Pumzi ninayovuta ni deni lake, nami si mtu wa kukana deni.

Shirika letu liliwaunganisha watoto na wazazi waliopotezana vitani. Mimi, Gidudu, nilitunza kompyuta kuu hapa Mbale. Bogere aliongoza ofisi ya Jinja. Akello, msichana wa miaka sita, alilelewa nyumbani kwake Bugembe, jirani na Jinja, wakati ndugu zake wakitafutwa.

"Ameandikwa mara mbili, bwana. Nafuta, programu inakataa. Nafuta tena, inakataa! Wewe unaweza kuingia ndani kabisa."

"Kwa nini inakataa?"

"Aa, Kiranja! Mpaka leo unakagua vitanda?"

Nikaipita programu, nikaunganisha moja kwa moja na hifadhidata kwa nywila niliyokuwa nayo peke yangu. Nikaandika amri ya kufuta.

Ikakataa!

Ila safari hii ilitaja sababu: kulikuwa na rekodi nyingine iliyofungwa kwenye ile ya Akello.

Nikaifungua...

Santa. Mama mzazi. Anamtafuta binti yake. Makazi: Namatala, Mbale. Hali: amefariki.

Amefariki? Santa! Juzi tu nilimsalimia kwenye benchi letu la nje, akiulizia mtoto wake kama kawaida!

Programu ilikuwa ikiwaficha marehemu kwenye skrini, ndiyo maana kila alipokuja aliambiwa hakuna jibu. Lakini kiungo chake na mwanawe kilibaki humo ndani, hakijakatika.

Na aliyemwandika kuwa marehemu? Jina lilikuwa pale pale.

Bogere.

"Umemzika mwanamke aliye hai?"

"Futa zote mbili! Amri ya kulazimisha unayo, naijua!"

Nilikuwa nayo. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe...

"Kagoya hajazaa, bwana. Ukimnyang'anya huyu mtoto, mke wangu anakufa. Unataka kaburi lake?"

Nikaacha kitufe, nikashika simu. Nikaweka sauti ya nje.

"Shemeji Kagoya, mama yake Akello yu hai."



"Hai? Si Bogere aliniambia alihudhuria mazishi!"

"Yu hai, shemeji. Yuko hapa Mbale."

"Mungu wangu! Mwambie asitoke huko. Namvalisha mtoto viatu, tunakuja sasa hivi!"

Nikamgeukia Bogere. Alikuwa ameketi sakafuni.

"Huyo mtoto ananiita baba," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mimi nisiyeweza kumwachia, Gidudu. Si Kagoya. Mimi."

Nililifuta neno moja tu siku ile: "amefariki".

Ndugu msomaji, mfumo ukigoma kumfuta mtu, usiulaani. Uliza kwanza ni nani bado anamtafuta.

Bogere aliniwekea ufunguo mezani.

"Nilikuvuta majini. Umesahau?"

"Sijasahau. Dai shamba langu, dai damu yangu, nitatoa. Kwa mtoto wa Santa, silipi."