Viatu Chini ya Kitanda

Walisema nimemuua mume wangu. Mara ya kwanza nililisikia neno hilo nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa. Mwanamke mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Ndiye huyu. Viatu vya marehemu bado anavipiga kiwi." Nikageuka, wote wakainamia simu zao. Nikarudi nyumbani, nikakaa kwenye cherehani, uzi hauingii kwenye sindano. Marehemu gani? Baba wa binti yangu yu hai, amenenepa kwa mke mwingine katika mji mwingine, na watu wa rika langu hapa mtaani wanajua.

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza, maana yuko mama mwenzangu mwenye binti.

Wangu anafanya kazi kwenye dirisha la vifurushi, stendi ya mabasi. Wenzake wanamwita Mizani, kwa sababu akiinua mzigo kwa mkono anakutajia uzito wake. Siku hiyo foleni ilifika nje, watu wanasukumana, honi zinalia. Akatokea kijana mwenye shati jeupe la kitani, miwani imening'inia kifuani, amekumbatia bahasha nene hadi kidevuni.

"Zote zako, kaka?"

"Zote. Vitabu hivi, nawatumia wasomaji wangu. Bure."

"Bure? Una akili timamu?"

"Naandika hadithi za mauaji. Natoa sura ya kwanza kwenye simu, anayemtaja muuaji anapata kitabu."

"Kwa hiyo unawazawadia watu wenye mawazo mabaya."

Kijana akacheka. Halafu midomo yake ikarudia polepole, bila sauti: watu wenye mawazo mabaya. Binti yangu aliiona ile midomo. Akadhani ni mahaba.

Tangu hapo Mwandishi akawa analeta bahasha moja moja.

"Leo moja tu?"

"Nikizileta zote leo, kesho nitakuja na kisingizio gani?"

Jioni simu ikawa haikauki. Mimi nasikia upande wa pili wa pazia.

"Mizani wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe leo umemuua nani?"

"Mhasibu."

"Masikini. Kakosa nini?"

"Alikuwa anakoroma."

"Basi mimi sina maisha marefu."

Wanacheka mpaka nami najikuta nacheka gizani kama mjinga. Nikamshonea gauni la kijani, kiuno cha marinda, akapendeza kweli. Naye Mwandishi akaja nyumbani kunisalimia. Shikamoo yake ya adabu, akala, akaongeza. Akausifu mlango wetu wa buluu. Akainama kuokota kijiko, akaona viatu chini ya kitanda changu, maana chumba chetu ndicho hicho hicho, pazia tu katikati.

"Mama, hivi ni vya nani?"

"Vya baba yake. Alitoka na ndala kununua balbu, hajarudi."

"Na bado unavipiga kiwi?"

"Ngozi ikiachwa inapasuka, mwanangu."

Midomo ikacheza. Nikadhani anasali.

Akimsindikiza, binti yangu alimweleza yote. Kwamba baba yake hakupotea, alitoroka. Kwamba aliwahi kumwona stendi ameshika watoto wengine mkononi, na hakumsalimia. Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Alilia kwenye shati lile la kitani mpaka likalowa.

Mwezi haukuisha. Tangazo likatoka kwenye simu za watu: "Habari njema, wasomaji wangu. Kitabu kipya kiko njiani. Mume alitoka na ndala kununua balbu. Viatu vyake vinang'aa chini ya kitanda, nyuma ya mlango wa buluu, na mkewe fundi cherehani anaendelea kushona. Nani kamuua? Atakayepatia atapata nakala yenye sahihi yangu."

Majibu yakamiminika. Mke. Mke tu. Kamfukia jikoni. Wateja wangu wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao, wengine sare imeshonwa mkono mmoja, wanasimama nje, hawavuki kizingiti.

Binti yangu akampigia.

"Futa."

"Mpenzi, hiyo ni hadithi tu."

"Hadithi ina mlango wetu? Ina mama yangu? Nilikwambia baba yu hai."

"Najua. Lakini mume aliyetoroka hana mvuto, Mizani. Nani atasoma?"

Akakata simu. Alisimama katikati ya chumba na gauni lake la kijani, hakulia. Ningefurahi angelia.

Wiki ile Mwandishi alikuja dirishani na bahasha za washindi. Binti yangu akamsogezea kalamu.

"Andika kilichomo."

"Kitabu."

"Andika mama yangu. Ndiye unayemgawa."

Mwandishi akabeba bahasha zake akaondoka. Na kweli, jioni hiyo alitangaza kwamba shindano limefutwa, mume hakufa, mke hana kosa. Wasomaji wake wakamtukana kwa kuwanyima muuaji. Hapo nikaanza kumwonea huruma, nikamwambia binti yangu, "Amejirudi." Naye alikuwa ameanza kulainika, nilimwona anapiga pasi lile gauni.

Akaenda nalo kazini. Mwandishi akaja bila mzigo, shati limekunjamana, pete kiganjani.

"Nisamehe. Nikuoe wewe, sitaki mwingine."

Machozi yakamjaa binti yangu. Akasema, "Ulikuja kwangu na mikono mitupu, ukaondoka na nyumba yetu yote."

Kijana akainamisha kichwa. Na midomo yake ikarudia, polepole, bila sauti: ukaondoka na nyumba yetu yote.

Binti yangu akashusha dirisha.

Basi, binti wa mwenzangu, epuka haya:

Anayerudia maneno yako kabla hajakujibu.

Anayekuuliza habari za kwenu kuliko habari zako.

Kumwonyesha mgeni chini ya kitanda.

Kulia kwenye shati la mtu usiyejua analifua wapi.

Kumsikiliza mama yako anaposema amejirudi, kama mama mwenyewe ana hamu ya mkwe.

Kutunza viatu vya aliyeondoka. Vile nimempa mlinzi wa duka la dawa. Vimemtosha. Nimevigawa bure, bila shindano.