Programu Iliyokwama kwenye Moja

Kila Jumanne na Alhamisi, kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengine walikimbilia uwanjani, msichana mmoja akakimbilia chumba cha kompyuta. Shule nzima ilimwita Chapuchapu, maana vidole vyake vikianza kuchapa huwezi kuvifuata kwa macho. Alikuwa darasa la saba, na mwalimu wa hesabu alikuwa amempa kazi ya kuwasaidia wanafunzi wanane wa darasa la nne, waliokuwa wakianza kujifunza kuandika programu.

Lugha waliyojifunza ilikuwa rahisi. Kila mstari ulikuwa na namba yake, 10, 20, 30, na kompyuta ilifuata amri kwa mpangilio wa namba hizo, isipokuwa ikiambiwa iende kwingine. Amri zenyewe zilikuwa maneno ya kawaida kama ANDIKA na NENDA. Hata hivyo, watoto wale waliweza kukosea mstari mmoja kwa namna kumi na moja.

"Dada, yangu imegoma!" mmoja alilalamika.

"Nipishe kidogo," Chapuchapu alijibu. Kufumba na kufumbua, programu ikawa inafanya kazi. Watoto wakapiga makofi, naye kichwa kikamvimba. Tuseme ukweli, aliyapenda yale makofi kupita kiasi. Mwalimu alipochungulia na kuuliza, "Wameandika wenyewe?" alijibu bila kupepesa macho, "Wenyewe kabisa, mwalimu."

Jumanne moja mwalimu aliingia na habari. "Mwalimu mkuu anataka chumba hiki kiwe stoo ya madawati. Nimemwambia hawa wadogo wanaandika programu wenyewe, aje Ijumaa ajionee. Akiridhika, chumba kinabaki chetu. Asiporidhika, kompyuta zote zinaingia kwenye maboksi."

Watoto walishangilia kusikia mwalimu mkuu anakuja kuwaona. Chapuchapu naye alishangilia, ila kichwani alikuwa tayari anahesabu siku zilizobaki.

Alhamisi akawaambia, "Leo kila mtu aandike programu ya kuhesabu moja mpaka kumi. Mimi nakaa pembeni."

Wakatazamana. Kulikuwa na msichana aliyeitwa Maswali, kwa sababu hakumaliza dakika bila kuuliza. "Dada," alisema, "si huwa unaandika wewe? Sisi kazi yetu kupiga makofi."

Mvulana mmoja mkimya, ambaye wenzake walimwita Mpole, alijaribu. Skrini yake ikaandika 1. Chini yake ikaandika 1 nyingine, na nyingine, mpaka skrini nzima ikajaa moja tupu. Chapuchapu aliliona kosa papo hapo, mkono ukamnyooka wenyewe kuelekea kwenye kibodi. Lakini kesho, mwalimu mkuu akimpa Mpole swali jingine, nani angemwandikia? Aliurudisha mkono.

Alipiga moyo konde, akaenda ofisi ya walimu. "Mwalimu, nilikudanganya. Hawajaandika hata programu moja. Zote niliandika mimi."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Hakumfokea, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Nimesimama mbele ya mwalimu mkuu nikawasifia kwa maneno yako," alisema.

"Nisamehe, mwalimu."

"Afadhali umesema leo. Sasa rudi ukawafundishe. Ila mikono yako isiguse kibodi."

"Hata herufi moja?"

"Hata nukta."

Hicho kilikuwa kibarua! Alirudi, akaikalia mikono yake. Akaeleza kosa, Mpole akaitikia kwa kichwa bila kuelewa lolote. Akaeleza tena kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mtoto ana tatizo la masikio. Wapi! Mwishowe akajiuliza: hivi mimi mwenyewe huwa nayaonaje makosa? Akagundua kwamba kichwani huwa anatembea na programu, mstari baada ya mstari, kama vile kompyuta ni yeye. Akachukua chaki, akainakili programu ya Mpole sakafuni kwa herufi kubwa:

10 IDADI = 0
20 IDADI = IDADI + 1
30 ANDIKA IDADI
40 IKIWA IDADI NI CHINI YA 10, NENDA 10
50 MWISHO

"Mpole, kompyuta ni wewe. Kanyaga mstari, fanya unachoambiwa, usijitie akili zako. Maswali, shika ubao mdogo, uwe unaandika idadi."

Mpole alikanyaga mstari wa kumi, Maswali akaandika sifuri. Kwenye ishirini ikawa moja. Kwenye thelathini Mpole akatangaza, "Moja!" Kwenye arobaini, kwa kuwa moja ni chini ya kumi, akarudi mstari wa kumi. Maswali akafuta, akaandika sifuri. Mzunguko wa pili: "Moja!" Wa tatu: "Moja!" Watoto walivunjika mbavu kwa kicheko. Mzunguko wa tano Mpole akasimama.

"Mbona nafutiwa?" alisema. "Kila nikirudi hapa naambiwa nianze na sifuri!"

"Kwa hiyo..." Chapuchapu alianza.

"Dada, usiniambie!"

Hakuna aliyewahi kumsikia Mpole akipaza sauti hivyo. Alipiga magoti, akaifuta ile 10 ya mwisho wa mstari wa arobaini kwa kiganja, akaandika 20. Alipozunguka tena, chumba kizima kilihesabu naye: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Baada ya hapo kila mtu alitaka kuwa kompyuta. Siku hiyo walirudi nyumbani magoti yamejaa vumbi la chaki.

Ijumaa mwalimu mkuu aliingia, nyuma yake mtunza stoo ameshika futi ya kupimia kuta. "Haya, kijana," alimwambia Mpole, "nataka kompyuta ihesabu kurudi nyuma, kumi mpaka moja."

Mpole akaandika. Skrini ikaanza vizuri, 10, 9, 8, ikafika 1, ikapita sifuri, ikaendelea kushuka bila breki. Mtunza stoo akaanza kuifungua futi yake. Chapuchapu alilijua kosa, na angeweza kunong'ona. Aliuma midomo.

Mpole aliinuka, akaanza kutembea huku na huku sakafuni.

"Huyu anaumwa?" mwalimu mkuu aliuliza.

"Hapana, anatafuta kosa," mwalimu wa hesabu alijibu.

"Tisa, chini ya kumi, narudi," Mpole alisema akihesabu vidole. "Moja, chini ya kumi, narudi. Sifuri, chini ya kumi, narudi. Ala! Nitarudi mpaka lini?" Akakimbilia kiti chake, akafuta CHINI YA 10, akaandika ZAIDI YA 0. Skrini ikahesabu kumi mpaka moja, ikatulia.

Mwalimu mkuu aliwapima na wengine watatu. Wote walikosea, na wote walijisahihisha. "Madawati yatafutiwe pengine," alimwambia mtunza stoo, na shangwe zikasikika hadi barabarani.

Mwalimu wa hesabu alimvuta Chapuchapu kando. "Zile programu ulizowaandikia zilikuwa safi, mwanangu, lakini zilikuwa zako. Ya leo ilianza na kosa, lakini ni ya Mpole. Ukimfanyia mtu kazi, kisha ukasema kaifanya mwenyewe, umemdanganya yeye kabla hujanidanganya mimi. Msaidie mpaka aweze bila wewe."

"Nimekuelewa, mwalimu."

Chapuchapu aliwageukia wale wadogo. Walikuwa wameinama juu ya kompyuta moja, wakibishana vikali kuhusu mstari wa thelathini, na hakuna hata mmoja aliyemwita. Ilimchoma kidogo, tusifichane. Halafu ikamfurahisha mpaka machozi yakamlengalenga.