Kopo Kavu la Mwonjaji

"Ulimi wako hatemi siku hizi."

Maneno matano tu kuhusu mpenzi wake, mwonjaji wa mvinyo ambaye wote walimwita Ulimi, lakini yalimganda Kitinda kama ruba. Aliyeyasema ni shangazi mwosha bilauri wa hoteli, mwanamke asiye na muda wa umbea, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi.

"Hatemi vipi, Shangazi?"

"Kopo lake la kutemea si naliosha mimi? Ya wenzake yanakuja yamejaa. La kwake linarudi kavu. Sasa mvinyo wote ule unakwenda wapi, mwanangu?"

Waonjaji wa mvinyo hawanywi. Huuzungusha mdomoni, huupima, kisha huutema. Asiyetema, ikifika saa sita mchana ameshamaliza chupa nzima bila mtu kumwita mlevi.

Kitinda, mhudumu wa meza na mtoto wa mwisho wa mama mjane, alikutana na Ulimi miezi minane nyuma. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, ukumbi umefurika. Alikuwa na trei ya bilauri kumi na mbili, akageuka, akamkumba. Moja ikapasuka.

"Pole, dada. Hiyo imejitoa ili wenzake wapone."

"Na wewe unasimamaje mlangoni kama kabati?"

"Kabati lenyewe halina kufuli. Fungua uone kilichomo."

Ulimi alivaa shati jeupe la kitani, pasi imenyooka, na kikoti cheusi kilichomkaa utadhani amezaliwa nacho. Kitinda alicheka hadi bilauri ya pili nayo ikaenda.

Basi simu zikaanza.

"Uko wapi, asali?"

"Nakunja vitambaa vya meza."

"Nikunje na mimi basi, nimechakaa."

"Wewe huchakai, unazeeka tu!"

Mama aliposikia habari zake hakucheka. "Mtu ambaye kazi yake ni pombe, mwanangu?"

"Mama, yeye hanywi, anaonja. Kama mpishi anavyoonja chumvi."

"Mpishi akionja, humeza," alisema Mama, akaendelea kuchagua mchele.

Baada ya maneno ya Shangazi, Kitinda alivumilia siku tatu. Ya nne akampigia Ulimi simu, akamuuliza kama ni kweli hatemi. Upande wa pili ukawaka.

"Umeniwekea wapelelezi mpaka kwenye sinki? Mimi nakupenda, wewe unanipekua!"

Akakata. Wiki mbili hakupokea simu zake. Kitinda alikonda, sketi ya kazi ikawa inamzunguka kiunoni. Mwishowe alijiona mkosaji, akamtumia ujumbe wa kuomba radhi. Ulimi alijibu papo hapo: Jumapili naja kwa Mama. Nakuja na pete.

Jumapili mchana akaja, viatu vinang'aa, mkononi chupa aliyoifunga kwa taulo lenye unyevu. Mama alimkaribisha, akampa kiti chenye mto, kisha akaingia jikoni na kuuacha mlango wazi.

"Hii alinipa mwalimu wangu nilipofaulu," alisema Ulimi. "Mvinyo wa mapovu, zabibu nyeupe tupu, aina ya shadonei, mavuno ya mwaka mmoja. Umelala miaka kumi na tano. Niliapa nitaufungua na mke wangu."

Aliizungusha chupa, siyo kizibo. Haikupiga kelele, ilishusha pumzi tu. Akamimina; rangi ya mvinyo ilikuwa dhahabu iliyofifia, na mapovu, madogo kama vichwa vya sindano, yalipanda kwa mstari mmoja bila haraka.

"Usikimbilie kunywa. Nusa kwanza, mpenzi. Unapata nini?"

"Ganda la limau. Na... mkate? Mkate wa siagi, unatoka tanurini sasa hivi."

"Endelea."

"Lozi zilizokaangwa." Akaweka kidogo ulimini. Ukali wa tofaa bichi ulimwamsha, mapovu yakatanda kama povu la maziwa, na mwishoni ikabaki ladha kavu kama chokaa iliyolowa, haitaki kuondoka. Machozi yakamlenga. Hakujua kwamba kitu cha kinywani kinaweza kuwa na subira kiasi hicho.

Akainua kikombe kitupu cha chai, akatema kama alivyofundishwa. Kisha akamsogezea Ulimi kikombe kingine.

"Na wewe, mpenzi. Tema."

"Leo si kazi, Kitinda. Leo ni posa yetu."

"Najua. Tema mara moja tu, moyo wangu utulie."

Ulimi alijaza kinywa, akakileta kikombe midomoni. Alimtazama Kitinda kama mtu anayezama na anayeona aibu kupiga kelele. Koo lake likapanda, likashuka.

Jikoni, kijiko cha Mama kilinyamaza.

"Siwezi," alisema.

"Tangu lini?"

"Kabla yako. Mwaka juzi."

"Kwa hiyo siku ile ya simu..."

"Nilijua unasema kweli."

Kitinda alimshika mkono. "Nitakusindikiza kwa daktari. Leo hii. Pete itasubiri, hata mwaka, hata miwili. Twende."

"Kesho, asali. Nakuapia."

"Leo."

"Leo chupa imeshafunguliwa. Nayo ikilala, itakufa."

Akajimiminia. Hakunusa. Akameza, akajimiminia tena, na Kitinda akakaa palepale kumtazama, mpaka miaka kumi na tano ikaisha kwa muda wa kuchemsha chai. Pete aliyokuja nayo ilikuwa mezani, kwenye kisanduku chake. Kitinda alikifunga, akakitia mwenyewe kwenye mfuko wa kile kikoti cheusi.

"Unanipenda?" aliuliza Ulimi.

"Sana. Ndiyo maana nasema nenda."

Mama akatoka jikoni, akamkuta mwanawe amesimama wima, analia bila sauti.

Kwa hiyo, binti zetu, haya ndiyo ya kuepuka:

Kumtetea mtu kabla hujamuuliza.

Kuomba radhi kwa sababu uliuliza.

Kudhani kinywaji cha kiungwana hakilevi.

Kumwita mmbea mtu aliyeona kwa macho yake.

Kupokea pete ya mtu anayesema kesho.

Kumpigia simu Jumapili mchana, ukiwa peke yako, ili usikie sauti yake tu.