Kwikwi Ndani ya Chupa

Maji yalizidi. Hilo ndilo Placidia aliloliona kwanza.

Alikuwa mtaalamu wa maabara katika chuo kidogo cha kilimo, Kaisho. Asubuhi hiyo alichemsha selulosi, ile polima iliyomo kwenye nyuzi za mgomba, pamoja na asidi za mafuta zilizotolewa kwenye samli, ili apate esta, kiambato cha kutengenezea karatasi isiyopenywa na maji. Esta ikiundwa hutoa maji kidogo, ambayo hupita kwenye bomba la kupozea na kudondokea kwenye kichupa. Haya yalijaza kichupa, yakaendelea.

Kisha ikaja harufu ya utosi wa mtoto aliyetoka kupakwa samli. Placidia aliijua. Alikuwa ameizika Machi pamoja na Xaveria, mwanawe wa pekee, kabla hajaota jino.

Chupa ya kuchemshia ikashikwa na kwikwi.

Alimpigia simu mumewe, Egbert. Egbert akaja na mama yake, Kantengwa, aliyejulikana kwa kutoa mashetani. Wakasimama mlangoni, na mchana ule mweupe, wanafunzi wakicheka uwanjani, wote watatu wakasikia kwikwi ikigeuka kilio, kilio kikapanda bombani na kushuka na maji, kikanyamaza kana kwamba kinasikiliza nani kaingia, kisha kikaanza upya, karibu zaidi, hadi kifua cha Placidia kikaitikia na blauzi ikalowa maziwa yaliyokauka tangu mazishi.

"Shina la mgomba ulilomletea ulilitoa wapi?" Kantengwa alimnong'oneza mwanawe.

"Nyuma ya nyumba. Upepo uliliangusha, nikaona litaoza bure."

"Pale kaburini kwa mtoto?"

Egbert aliitikia kwa kichwa.

"Hata mbuzi hupakwepa pale, msomi wangu," mama yake alisema.

"Ni Xaveria, mama," Placidia alisema. "Ananiita."

"Si yeye, mwanangu. Mtoto amelala. Hili ni jini, limekuta sauti yake, limeivaa. Zima jiko. Uzime wewe, maana limekuja kwako."

"Nikizima sitamsikia tena."

"Hutamsikia."

Aliposhika swichi, ndani ya chupa kitu kilicheka, kile kicheko cha Xaveria akitekenywa nyayo. Placidia akazima.

Kantengwa alibeba chupa na vyote vilivyomo, akavirudisha kaburini kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, akasema maneno yake, akamalizia na Baba Yetu. Harufu ikaondoka. Egbert akalia.

Placidia hakulia. Jioni, wakimenya ndizi, alimwuliza mumewe taratibu:

"Lile shina limechipua tena pale kaburini?"

"Limechipua. Kwa nini?"

"Usiliguse. Likikomaa, nitalikata mwenyewe."